Kupunguzwa, Kustaafu Mapema au Kujiuzulu: Njia Ipi kwa Mtumishi wa Serikali ya Marekani Ambaye Bado Hajafika Umri?

Dada mmoja mzaliwa wa Bungoma, tunayesali naye hapa Maryland, alikuja kwetu Jumamosi jioni na bahasha ya kaki, yeye na mumewe. Akatandaza karatasi tatu mezani: barua ya kupunguzwa kazi inayompa siku 60, fomu yake ya SF-50 inayoonyesha taarifa za ajira yake, na hati ya mshahara yenye saa za likizo. Chai haijamiminwa, shemeji akauliza: "Kaka, hizi dola elfu themanini wanazosema watamlipa, zinaingia lini? Mafundi kule nyumbani wanasubiri kufunga paa."

Nilimwomba anipe saa moja kabla ya kujibu. Hizo dola elfu themanini zilikuwa za kweli, tena halali yake. Lakini kando yake palikuwa na kitu kingine ambacho barua haikukitaja kabisa, na hayo mawili hayachukuliki kwa pamoja. Ukishika hili, lile limekwenda.

Tangu Januari 2025 maswali ya namna hii yamekuwa mengi mno kwetu sisi watu wa Afrika Mashariki tulioajiriwa na serikali kuu ya Marekani. Tarehe 28 Januari mwaka huo watumishi walipata barua pepe ya kuwataka wajiuzulu kwa ahadi ya kulipwa hadi tarehe 30 Septemba, na watu kama 75,000 walikubali katika awamu ile ya kwanza. Wapo waliofanya vizuri. Wapo walioandika neno moja la kukubali na kuacha mezani pensheni ya maisha, kwa sababu walikuwa na hofu na hakuna aliyewakalisha chini akawapigia hesabu. Mimi mwenyewe niliondoka nikiwa na miaka 53 ya umri na 23 ya kazi, kwa hiyo ninayoyasema nimeyapitia kwa kalamu na kikokotoo.

Neno litakaloandikwa kwenye faili

Sebuleni tunasema tu "fulani ameacha kazi serikalini". Kwenye faili kuna njia kadhaa za kuondoka, na kila moja ina malipo yake.

Kupunguzwa ni pale ofisi inapofuta nafasi yako. Kwa kawaida unapewa notisi ya siku 60, na anayebaki na anayeondoka hupangwa kwa aina ya ajira, haki ya waliotumikia jeshi, miaka ya kazi na tathmini za utendaji. Ukiona wamekosea una siku 30 tangu tarehe ya kuondoka za kukata rufaa kwenye bodi ya kulinda haki za watumishi, MSPB.

Kustaafu mapema kwa hiari, ambako kila mtu hapa anakuita VERA, ni mlango ambao ofisi huufungua kwa muda kwa idhini ya OPM, idara inayosimamia utumishi wa serikali kuu. Huwezi kuudai. Ukifunguliwa unaingia, ukifungwa umefungwa.

Kujiuzulu ni kujiuzulu, hata kama kumepambwa kwa miezi ya kulipwa ukiwa nyumbani. Anayejiuzulu bila kuunganisha na kustaafu hana malipo ya kupunguzwa, na kwa kawaida rufaa pia hana.

Na iko njia ya nne ambayo watu wengi hawaijui kabisa, nayo ndiyo iliyomwokoa dada yetu: kustaafu kwa sababu kazi imeondolewa chini yako. Huhitaji ofisi ifungue dirisha lolote. Ukipunguzwa bila kosa lako na umetimiza masharti, pensheni ni haki yako kuanzia hapo.

Masharti ya VERA na ya hiyo njia ya nne ni yale yale: umri wa miaka 50 pamoja na miaka 20 ya kazi, au miaka 25 ya kazi kwa umri wowote. Huu ndio mstari. Kabla hujasaini chochote, jua uko upande gani wa mstari huu na umebakiza siku ngapi kuufikia. Nasema siku, maana miezi ni kipimo kikubwa mno kwa jambo hili.

Usichukue tarehe ya kuanza kazi iliyoko kwenye SF-50 ukadhani ndiyo hiyo. Ile mara nyingi ni ya kuhesabia likizo. Ya kustaafu inaweza kuwa tofauti: miaka ya ajira ya muda baada ya 1988, ambayo haikukatwa mchango, kwa kawaida haihesabiki chini ya FERS, mfumo wa pensheni ulioanza 1987. Na vijana wetu wengi waliopata uraia kupitia jeshi wana miaka ya jeshi ambayo haiingii kwenye pensheni mpaka wailipie mchango wake, na lazima wailipie kabla hawajatoka kazini. Nimemwona kijana wa Arusha aliyejua hilo wiki mbili kabla ya siku yake ya mwisho. Alikopa, akalipa, akavuka mstari.

Aliyekwisha kuvuka: aombe VERA au asubiri barua?

Hapa ndipo nilipokuwa mimi, na nilijitesa usiku mwingi bila sababu. Pensheni ya VERA na ya aliyepunguzwa baada ya kuvuka mstari ni moja. Chini ya FERS huchukuliwa wastani wa mishahara ya miaka mitatu mfululizo iliyokuwa mikubwa kuliko yote, ikapigwa kwa asilimia 1 kwa kila mwaka wa kazi. Hakuna makato ya umri katika njia zote mbili. Ukifikia umri wa chini wa kustaafu, ambao ni miaka 57 kwa waliozaliwa 1970 na kuendelea, unaongezewa nyongeza ya FERS, inayokadiriwa kutokana na hifadhi ya jamii uliyoichuma serikalini, mpaka utimize miaka 62. Katika zote mbili pensheni yenyewe haipandishwi kufuata bei mpaka ufike 62.

Tofauti iko kwingine. Anayekubali VERA mara nyingi huongezewa mkupuo wa kuondoka, usiozidi dola 25,000 kwa idara nyingi na 40,000 kwa wizara ya ulinzi. Hizo 25,000 ndicho kiwango kilichowekwa katika sheria ya 1994, wakati serikali ilipokuwa ikipunguza nafasi 272,900, na hakijaguswa tangu hapo, kwa hiyo usidhani ni pesa ya kubadili maisha. Mimi baada ya kodi niliona dola elfu kumi na sita na ushei benki. Halafu ukirudi serikalini ndani ya miaka mitano unatakiwa kuurudisha mkupuo mzima, pamoja na sehemu iliyokwenda kwenye kodi.

Anayesubiri naye hana hasara kubwa. Kila mwezi anaosubiri anapata mshahara kamili na anaongeza mwezi kwenye hesabu ya pensheni, na huenda asiguswe. Hatari yake ni moja, nayo ni kubwa: ofisi ikimpa nafasi nyingine katika idara ile ile, eneo lile lile la kwenda na kurudi nyumbani, kwa muda ule ule wa kazi, isiyoshuka zaidi ya ngazi mbili, akaikataa, anapoteza haki ya kustaafu kwa kuondolewa. Mtu aliyechoka, ambaye angefurahi kuondoka leo, anaweza kujikuta amefungiwa ndani ya kazi asiyoitaka au ametoka mikono mitupu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa aliyevuka mstari ni huu. Kama bado una nguvu na watoto wako chuoni, subiri. Mshahara wa mwaka mmoja ni mara tatu au nne ya ule mkupuo. Kama afya imeanza kudai haki yake, au una shughuli nyingine inayokungoja, chukua VERA na mkupuo wake. Kujiuzulu kwa kulipwa bila kukuunganisha na kustaafu usikuguse hata kwa kidole.

Aliyebakiza kidogo

Nirudi mezani. Dada ana miaka 51. Mshahara wake ni dola 80,000 kwa mwaka, na wastani wa miaka mitatu ya juu ni 76,000. Barua inasema siku yake ya mwisho ni 14 Julai. Miaka yake 20 inatimia tarehe 20 Agosti. Wiki tano na ushei!

Kwa kuwa siku ya kupunguzwa hajatimiza masharti ya pensheni ya papo hapo, sheria inampa malipo ya kupunguzwa. Hesabu yake ni wiki moja ya mshahara kwa kila mwaka wa miaka kumi ya kwanza, na wiki mbili kwa kila mwaka unaofuata. Kwa dada ni wiki 29 na nusu. Juu yake, kila miezi mitatu iliyopita umri wa miaka 40 inaongeza asilimia 2.5, kwa miaka 51 hiyo ni asilimia 110 nzima. Inafika karibu wiki 62, lakini sheria inaishia wiki 52. Ndiyo zile dola elfu themanini. Na hazitoki kwa mkupuo kama kiinua mgongo cha kwetu: zinalipwa kila wiki mbili kama mshahara, na kodi inakatwa, mpaka ziishe. Shemeji aliposikia hilo alishusha kikombe.

Sasa upande wa pili. Iko kanuni inayomruhusu mtu anayepunguzwa kutumia likizo yake ya mwaka ili abaki kwenye orodha ya watumishi baada ya tarehe ya kupunguzwa, ikiwa likizo hiyo itamfikisha kwenye pensheni ya papo hapo au kwenye haki ya kubaki na bima ya afya. Likizo ya ugonjwa haifai kwa jambo hili, ni ya mwaka tu. Tukahesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, Julai na Agosti: siku 27 za kazi, saa 216. Hati yake ya mshahara ilionyesha saa 231.

Mke wangu akasema, "Mungu ni mwema." Dada hakusema kitu. Alichukua kalamu akaizungushia duara ile 231, mara mbili.

Lakini akivuka mstari, zile elfu themanini zinafutika, kwa sababu anayestahili pensheni ya papo hapo halipwi malipo ya kupunguzwa. Ndiyo maana nasema haya mawili hayashikiki kwa pamoja. Niliwachorea hivi nyuma ya bahasha:

| | Kutoka 14 Julai | Kufika 20 Agosti kwa likizo |
|---|---|---|
| Malipo ya kupunguzwa | karibu dola 80,000, kwa mwaka mmoja | hakuna |
| Saa 216 za likizo | analipwa, karibu dola 8,300 | zimetumika |
| Pensheni kuanzia miaka 51 | hakuna | dola 1,267 kwa mwezi |
| Nyongeza ya FERS, miaka 57 hadi 62 | hakuna | ipo |
| Pensheni kuanzia miaka 62 | karibu dola 1,256 kwa mwezi | ile ile 1,267, na sasa inaanza kupanda na bei |
| Bima ya afya ya serikali | inakoma | anabaki nayo |

Tokea 51 hadi 62 ni miaka 11. Pensheni peke yake katika muda huo ni dola 167,200. Ukichukulia kwamba hifadhi ya jamii itamkadiria dola 1,400 kwa mwezi akiwa na miaka 62, nyongeza ya FERS kwa miaka 20 ya kazi ni nusu yake, dola 700, na kwa miaka mitano ni 42,000. Hii nyongeza hupunguzwa ukipata kazi yenye kipato kinachozidi kiwango fulani, kilichokuwa dola 23,400 kwa mwaka 2025, lakini pensheni yenyewe haiguswi hata ukiajiriwa kampuni binafsi kesho yake. Yaani zaidi ya laki mbili dhidi ya elfu themanini na nane, na bado hatujaitia bima kwenye mizani. Likizo yake ya ugonjwa isiyotumika nayo inaongezwa kwenye hesabu ya pensheni kwa anayestaafu moja kwa moja. Kwa anayeiacha pensheni isubiri mpaka miaka 62 inapotea.

Shemeji alinyamaza kwa muda. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia: kwamba baba yake alipunguzwa kazi Kenya wakati ule wa mageuzi ya utumishi, akaletewa pesa kwa mkupuo, na yeye akiwa darasa la sita aliona namna ile pesa ilivyokwenda, kila ndugu na shida yake. Nikamwambia hata kwetu Tanzania miaka ya tisini hali ilikuwa hiyo. Baba yangu mdogo alinunua mashine ya kusaga. Mashine ilikuwa nzuri, ila mtaa mzima walikuwa wamenunua mashine.

Yuko mtu ambaye ningemshauri achukue zile elfu themanini. Kama ana deni la riba kubwa linaloelekea kumpokonya nyumba, au kama mwenzi wake ana bima nzuri kazini na yeye tayari ana ajira nyingine mkononi. Hata hapo ningemwomba alale nalo usiku tatu.

Tuliokuja ukubwani

Hili linatugusa sisi kuliko wazaliwa wa hapa. Kazi nyingi za serikali kuu zinataka raia. Mtu akija na miaka 32, akahangaikia kadi ya kijani, akangoja miaka mitano ya kuomba uraia, anaanza serikalini akiwa na 43. Akiwa na miaka 57 ana miaka 14 tu ya kazi. Mstari wa miaka 20 hauoni hata kwa mbali, VERA haimhusu, na ukimtajia miaka 25 unamuumiza bure.

Njia yake ni ile ya kufikia umri wa chini wa kustaafu ukiwa na angalau miaka 10. Chukua mama aliyezaliwa 1968, ambaye umri wake wa chini ni miaka 56 na miezi 8. Ana 57 kamili, kazi miaka 14, wastani wa mishahara dola 62,000. Pensheni yake kamili ni dola 723 kwa mwezi. Akiichukua sasa inakatwa asilimia 5 kwa kila mwaka uliobaki kufika 62, jumla asilimia 25, inabaki kama dola 543, na kato hilo haliondolewi maisha yake yote. Akiiahirisha mpaka 62 anapata zile 723, na siku pensheni inapoanza anaweza kuirudia bima ya afya ya serikali, ila hiyo miaka mitano ya katikati ajikatie bima kwingine.

Niliyo na uchungu nayo ni hii: mama huyu hapati malipo ya kupunguzwa hata senti moja, kwa kuwa sheria inamhesabu kama anayestahili pensheni ya papo hapo, hata kama ameamua kuiahirisha. Kwa hesabu ya miaka 14 na umri wa 57 angelipwa zaidi ya wiki 48 za mshahara. Mwenzake aliyeajiriwa siku moja naye, ila amezaliwa miezi michache baadaye na hajaufikia umri wake wa chini, anazipata.

Kwa mama wa namna hii swali zito ni bima, kuliko pensheni. Kama ana ugonjwa wa kudumu, sukari au presha, na mumewe hana bima kazini, ningechukua dola 543 leo ili bima isikatike. Kama bima ipo upande wa mume, ahirisha mpaka 62, maana tofauti ya dola 180 kwa mwezi kwa mtu atakayeishi mpaka 85 ni karibu dola 50,000.

Kwa kijana wa miaka 38 mwenye miaka 8 ya kazi sina mengi. Akipunguzwa anapata wiki 8 za mshahara. Akipewa miezi saba ya kulipwa ili ajiuzulu, kama waliopewa mwanzoni mwa 2025, hiyo ni zaidi, achukue na atafute kazi kwa bidii. Ila asiombe kurudishiwa michango yake ya pensheni. Aliyefikisha miaka mitano ana pensheni yake ya uzeeni akifika 62, na akichukua ile michango ameifuta.

Ofisi ikihamishwa

Kuna kupunguzwa kunakokuja kimya kimya: hakuna anayefukuzwa, ila ofisi inahamia mbali. Mwaka 2019 wizara ya kilimo ilihamishia taasisi zake mbili za utafiti Kansas City na watumishi wengi wakakataa kuhama. Julai 2025 wizara hiyo hiyo ikatangaza mpango wa kuwatoa watu wengi eneo la Washington na kuwapeleka Raleigh, Kansas City, Indianapolis, Fort Collins na Salt Lake City.

Wengi wanaopata barua ya namna hii hujiuzulu kwa hasira. Usifanye hivyo. Ukikataa kwa maandishi kuhama nje ya eneo lako la kwenda na kurudi, na hukuwahi kusaini mkataba wa kukubali kuhamishwa, kisha ofisi ikakuondoa kwa sababu hiyo, unahesabiwa kuwa umeondolewa bila hiari yako. Aliyevuka mstari anastaafu na pensheni, na asiyevuka anapata malipo ya kupunguzwa. Anayejiuzulu kabla ya kupata barua yoyote ya maandishi hana chochote cha kuonyesha. Nakusihi, ngoja karatasi.

Bima, mwenzi na safari ya kurudi nyumbani

Nimeitaja bima mara nyingi, na nina sababu. Kwenye FEHB, mpango wa bima ya afya ya watumishi wa serikali kuu, serikali hulipa wastani wa asilimia 72 ya ada, na mstaafu huendelea kulipiwa vile vile kama mtumishi. Sharti ni kuwa umekuwa ndani ya mpango huo miaka mitano mfululizo kabla ya kustaafu, na ustaafu kwa pensheni ya papo hapo. Aliyepunguzwa bila pensheni anapewa siku 31 za bure, baada ya hapo anaweza kuendelea miezi 18 kwa kulipa ada yote mwenyewe pamoja na asilimia 2 juu yake. Mtu wa familia ya watoto watatu akiiona ada hiyo nzima anashika kichwa.

Kwa wanaopanga kurudi Kisumu, Moshi au Mombasa wakistaafu, jambo hili lina uzito wa pili. Medicare, bima ya serikali ya wazee, hailipi matibabu nje ya Marekani ila kwa nafasi chache sana, lakini ipo mipango ya FEHB inayolipa hospitali za ng'ambo. Anayetoka na pensheni anaweza kuchagua mpango wa aina hiyo. Anayetoka na elfu themanini atalipa kaunta.

Mwenzi naye. Mstaafu wa FERS anaweza kumwachia mwenzi nusu ya pensheni kwa kukatwa asilimia 10, au robo kwa kukatwa asilimia 5. Ukitaka kumwachia pungufu ya nusu, mwenzi lazima akubali kwa saini mbele ya mthibitishaji wa hati. Usione hizo asilimia 10 ni nyingi, maana mjane asiyeachiwa sehemu ya pensheni hupoteza na bima siku ile ile.

Jiandae pia na kungoja. Majalada ya kustaafu hushughulikiwa na OPM huko Boyers, Pennsylvania, ndani ya mgodi wa zamani wa mawe ya chokaa chini ya ardhi, na mpaka jalada lako limalizike unalipwa malipo ya muda yaliyo pungufu. Mimi nilikuwa nimeweka akiba ya miezi sita nje ya TSP, mfuko wa akiba wa watumishi. Aliyeacha kazi kabla ya mwaka anaotimiza miaka 55 akichota TSP mapema anatozwa asilimia 10 juu ya kodi, kwa hiyo ule usiufanye mfuko wa dharura.

Jumatatu iliyofuata dada alipeleka ombi lake la kutumia likizo, kwa maandishi, akaomba nakala iliyogongwa tarehe ya kupokelewa. Jioni akanipigia simu kuniuliza kama siku ya 20 Agosti yenyewe inahesabika au anahitaji na ya 21. Nikamwambia aombe mpaka 21, saa anazo.